Kura Niliyomwahidi Fundi

Sikugombea. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Mabawa wana kumbukumbu nzuri sana ya mambo ya wenzao, na wapo wanaosimulia mpaka leo kwamba siku ya uteuzi nilikuja na gauni jipya. Gauni lilikuwa la zamani. Nililipiga pasi tu.

Chama chetu ni cha vijana, kuanzia watoto wa miaka saba hadi wale wanaokaribia kumaliza sekondari. Tunakutana kila Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa shule ya msingi, tunawafundisha huduma ya kwanza, kuogelea, kupikia mafiga, kufunga mafundo, na kukaa kambini siku tatu bila kulilia nyumbani. Sisi watu wazima tunaowaongoza tunaitwa walezi, na hatulipwi kitu. Anayetuongoza sisi anaitwa Mlezi Mkuu. Naye halipwi, lakini kila baada ya miaka mitatu anachaguliwa kwa fomu, mpendekezaji, wadhamini wawili na kura ya siri, utadhani anakwenda bungeni.

Kwa miaka yote niliyokijua chama, Mlezi Mkuu alikuwa mtu mmoja, fundi cherehani mwenye kibaraza mtaa wa pili kutoka kwetu. Wazazi walimwita Fundi, sisi tulimwita Fundi, na nadhani hata mkewe alimwita hivyo. Skafu zetu zote za kijani zilitoka kwenye cherehani yake. Mimi alinipokea nikiwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa kuogopa maji, mbwa, na kuitwa jina darasani. Alinifundisha kuogelea ufukweni Raskazone kwa kunifunga kanga kiunoni na kuishika ncha yake. Akaniambia, "Mie siiachi mpaka useme mwenyewe." Ilipita miezi miwili kabla sijasema, na hakuwahi kuiachia kwa mzaha, kama wanavyofanya watu wazima wengi.

Uteuzi wa Mlezi Mkuu, uliofanyika darasani, ulikuwa na utaratibu wake. Msimamizi kutoka mkoani anauliza nani anapendekezwa, mtu anataja jina la Fundi, wawili wanamdhamini, msimamizi anauliza kama kuna jina jingine, watu wote wanaitazama feni, na Fundi anapita bila kupingwa. Baada ya hapo tunakunywa chai na vitumbua.

Mwaka ule msimamizi alikuwa mgeni, kijana wa bara aliyehamia Tanga miezi michache tu, mwenye kalamu mbili mfukoni na kitabu cha katiba kilichopigiwa mistari kila ukurasa. Akauliza kama kuna jina jingine. Watu wakaitazama feni. Akauliza tena, maana katiba yake ilimtaka aulize mara tatu. Kabla hajafika mara ya tatu, mtani wangu akasimama.

Mtani wangu ni mlezi mwenzangu, Mzigua mmoja mwenye sauti ya kuuzia samaki. Sisi wenye asili ya Moa, kule pwani ya kaskazini, tunadai tuna utani na Wazigua, nao wanadai vivyo hivyo, ingawa sijakutana na mtu wa kunieleza ulianzia wapi. Kinachojulikana na wote ni sheria yake. Mtani akikutania hukasiriki, wala hukai kimya. Unamjibu, tena kwa kuzidisha. Anayenuna ndiye aliyeshindwa.

"Ndugu msimamizi," akasema, "mie nampendekeza huyu mtani wangu wa Moa. Fundi tushamchosha. Na huyu akipata ukubwa, huenda akaacha kuja kwangu kuomba muhogo."

Watu wakacheka. Nami, kwa sheria ile ile, nikasimama na kushika kiuno. "Nakubali! Na siku ntakayoshika kiti, wewe nakupa ufagio. Utafagia uwanja huu mpaka ukumbuke kwenu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Kina mama wawili waliokaa nyuma wakanyoosha mikono huku wanajifuta machozi. "Twamdhamini! Twamdhamini!" Fundi mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Aliyekuwa hacheki ni msimamizi peke yake, kwa sababu alikuwa anaandika. Alipomaliza akasoma kwa sauti: jina langu, jina la mpendekezaji, majina ya wadhamini, na kwamba mgombea ametamka mbele ya mkutano kuwa amekubali.

Kicheko kikakatika. Mtu mmoja angesema, "Bwana, huu utani tu," na mambo yangeishia hapo. Lakini kumwambia mgeni kwamba mmefanya mzaha ndani ya mkutano wake ni kumvunjia heshima, na sisi ni afadhali tupotee njia kuliko kumvunjia mgeni heshima. Kila mtu alimngojea mwenzake aseme. Mimi nilimngojea Fundi, na Fundi, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ananingojea mimi. Chai ikaja. Kufika alasiri kulikuwa na majina mawili kwenye ubao wa matangazo, yamegongwa muhuri.

Mtani wangu alinishika mkono nje, uso umemshuka. "Mtani, mie nimetania tu."

"Najua," nikamwambia. "Hata mie."

Katiba ilimruhusu mgombea kujitoa kwa barua ndani ya siku tano, mwisho Alhamisi saa tisa mchana. Jumapili niliandika barua. Ilikuwa na mistari minne. Nikaikunja na kuitia kwenye mkoba. Jumatatu nilipita mbele ya ofisi ya msimamizi nikakumbuka kwamba nina haraka. Jumanne niliikuta ofisi imefungwa, au nilidhani imefungwa, maana mlango sikuusukuma. Kila mtu aliyenisalimia njiani nilimwona kama ananiuliza jambo.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Moa kukaa nami wiki ile. Aliiona barua siku ya Jumanne, akaisoma yote bila kuniomba ruhusa, kwa kuwa yeye ni mama.

"Barua gani hii yaenda mjini na kurudi kila siku?" akauliza. "Kama hutaki ukubwa, peleka. Kama wautaka, sema wautaka."

Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi sitaki ukubwa wowote, nimeingizwa kwa utani, na kama angekuwepo angeona. Mama akaendelea kuchambua mchicha. Ukali wangu mwenyewe ndio ulionishtua. Mtu hapandishi sauti namna ile kwa jambo asilolitaka.

Nililitaka, na sababu yake ni Mwera.

Mwaka mmoja kabla ya hapo tulikuwa na kambi Mwera, upande wa pili wa mto Pangani, watoto ishirini na saba. Siku ya kurudi Fundi aliwahesabu ndani ya basi kama alivyowahesabu siku zote, kwa kidole na kwa midomo, akasema wametimia, tukaondoka. Tulipofika kivukoni Pangani watu walishuka ili wapande pantoni kwa miguu, na mimi, kwa woga wangu wa kuzaliwa, nikawahesabu tena. Ishirini na sita. Nikarudia. Ishirini na sita. Tukarudi na basi mpaka kambini. Tulimkuta mtoto, wa miaka tisa, amekaa juu ya begi lake mbele ya nyumba ya mlinzi anatafuna muwa. Alikuwa ameenda chooni. Hakuwa analia. Mimi ndiye niliyelia.

Njia nzima mpaka Tanga nilikuwa nauona mdomo wa Fundi ukicheza, anawahesabu watoto kutoka kiti cha mbele, anamaliza na kuanza upya. Ripoti ya kambi niliiandika mimi, na habari ile sikuitia. Hakuniomba nisiitie. Nilimhurumia, nikajiambia kwamba ni mara moja tu. Lakini tangu siku ile sikuweza kumwona akinyoosha kidole mbele ya watoto bila na mimi kuwahesabu upya kimoyomoyo. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Sisi walezi wote tuliliona hilo, na wote tulilinyamazia, kwa mapenzi.

Jumatano nilijaribu kupita mbali na kibaraza chake. Akaniona, kwa macho yale yale, akaniita.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Barua ushapeleka?"

Sikumwuliza nani kamwambia. "Bado, Fundi."

"Basi usipeleke." Akasimamisha cherehani kwa kiganja. "Ukijitoa leo, watu watasema mie nimekutisha. Halafu nikwambie kweli? Mie sijapata mpinzani hata siku moja. Kupita bila kupingwa ni kama kula peke yako. Washiba, lakini hujui chakula kilikuwa kitamu au la."

Nikacheka kidogo. Naye akacheka. Kisha akainama mbele, akateremsha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine.

"Ila tufanye mambo ya kiungwana. Zamani siye mgombea hakujipigia kura. Ilikuwa aibu. Mie ntaandika jina lako, nawe andika langu. Atakayeshinda, ashinde kwa mikono ya wenziwe, si kwa mkono wake. Wasemaje?"

"Inshallah, Fundi."

Inshallah ni neno kubwa, na Mungu anisamehe, sisi watu wa pwani tumezoea kujificha ndani yake. Fundi hakuwa mtu wa kulichunguza neno. Aliisikia kama ahadi, akaridhika, akarudi kwenye pindo lake. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Ningeweza kusema, "Fundi, macho yako yamechoka, na mimi naogopa." Alikuwa ananisikiliza, mlango wa kibaraza uko wazi, hakuna haraka. Badala yake nilimwuliza kama uzi wa buluu umefika.

Alhamisi saa tisa na dakika kumi niliangalia saa. Barua ilikuwa bado ndani ya mkoba. Niliyoyahisi nilitaka kuyaita hofu, na hofu ilikuwepo, imejaa tele, lakini chini yake palikuwa na furaha, nami niliionea haya kuliko hofu yenyewe.

Jumamosi tulipiga kura kwenye darasa la saba. Wapiga kura tulikuwa arobaini pamoja na wagombea: walezi, wawakilishi wa wazazi, na vijana wakubwa. Boksi la viatu lilikatwa tundu juu na kuzungushiwa utepe wa gundi, na karatasi za kura zilikuwa vipande vya daftari vilivyogongwa muhuri. Msimamizi alieleza utaratibu kana kwamba hatujawahi kuona kalamu. Wagombea wapige kwanza, watoke nje, wasirudi mpaka waitwe.

Fundi alianza. Dawati lilikuwa mbele, pembeni ya ubao. Aliandika polepole, uso umekaribia karatasi, kwa herufi kubwa za mtu asiyeamini macho yake. Sikuwa nimekusudia kusoma, lakini kutoka nilipokaa mtu yeyote angesoma. Alikuwa ameandika jina langu.

Kisha nikaitwa mimi. Nilikwenda nimekusudia kuandika jina lake. Wallahi nilikusudia. Niliishika kalamu, nikaweka nukta ya kwanza juu ya karatasi, nikakumbuka kivuko cha Pangani, vichwa ishirini na sita na hesabu iliyokataa kutimia. Nikaona kidole cha Fundi kikisogea hewani. Nikaandika jina langu. Baadaye nilijaribu kujiambia kwamba ni mkono tu ulioandika, kwamba nilipitiwa, lakini mkono hauna jina. Niliandika mimi. Nililoshindwa kumwambia usoni nilimwambia kwenye karatasi, mahali ambapo hakuwa na uwezo wa kunijibu.

Tulikaa nje kwenye ngazi, mimi na yeye, karibu na bomba la maji. Ndani tulisikia msimamizi akiita watu mstari kwa mstari.

"Umeandika?" akaniuliza.

"Nimeandika."

"Nami nimeandika." Akasugua magoti yake. Suruali aliyovaa alikuwa ameishona mwenyewe kwa ajili ya siku ile, mkunjo wake bado mkali. Halafu akasema, kwa kucheka, bila kunitazama, "Mwanangu, mie nikikosa, Jumamosi ntakuwa nakwenda wapi?"

"Utakuja hapa hapa, Fundi."

"Kama nani?"

Nilijifanya nafunga kilemba vizuri. Ndani wakaanza kuhesabu. Tukasikia karatasi zinafunguliwa na sauti inasoma, lakini mlango mzito ulikuwa umefungwa na majina hayakutufikia. Nilimwomba Mungu nishindwe. Haikupita dakika nikamwomba nishinde, kisha nikaona haya kumsumbua, nikanyamaza.

Tulipoitwa, msimamizi alikuwa amesimama na kitabu chake kifuani. Akatangaza: kura zilizopigwa arobaini, zilizoharibika hakuna. Fundi ishirini. Mimi ishirini.

Watu wakaguna wote kwa pamoja. Mimi sikuguna, kwa sababu nilikuwa napiga hesabu, na ilikuwa hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Kama ningeandika nilivyoahidi, Fundi angepata ishirini na moja na mimi kumi na tisa. Angeshinda. Mule ndani palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua hilo.

Msimamizi akafungua katiba, akasoma kwamba kura zikilingana uchaguzi unarudiwa hapo hapo. Niliposikia hivyo, pumzi ikanirudi. Nilikuwa nimepewa kitu ambacho watu wengi hawapewi, nafasi ya kulirudia jambo lile lile. Nikaapa moyoni kwamba karatasi ya pili naandika jina lake, liwe liwalo, na kesho yake naenda kibarazani kumweleza habari ya macho, na kumwomba aniachie mimi kazi ya kuhesabu watoto. Lilikuwa jambo jepesi. Sikuelewa kwa nini sikuliona tangu mwanzo. Wakaanza kukata karatasi nyingine.

Fundi akanyoosha mkono.

"Ndugu msimamizi, naomba neno kabla hamjagawa karatasi." Akasimama, akashika ukingo wa dawati. "Mie na huyu mwanangu tulipatana siku ya Jumatano, na sikuwaambia. Tulipatana asijipigie mtu. Mie nimempa yeye kura yangu, naye kanipa mie yake. Haya, nawauliza nyie. Nani hapa, kiti kiko mbele yake, angekubali kumpa mpinzani wake kura? Mie nimeshika kiti hiki miaka mingi na sina hakika kama ujanani ningeweza."

Nilitaka kusimama. Nilibaki nimeshika dawati.

"Mtu wa namna hiyo," akaendelea, "watoto wetu wako salama kwake. Hamna haja ya kurudia. Andika, baba. Mie najitoa."

Kwa mara ya kwanza tangu aje Tanga, msimamizi akaweka kalamu chini. Kisha kina mama wakapiga vigelegele, watu wakagonga madawati, mtani wangu akapaza sauti kwamba ufagio wake uletwe, na mikono mingi ikanishika na kuninyanyua. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Watu arobaini, macho yao kwangu, na Fundi mbele anapiga makofi huku anachungulia kuona nimesimama upande gani.

Nikasema, "Ahsanteni."

Nilikwenda kibarazani kwake mara mbili baada ya hapo ili nimweleze. Mara ya kwanza kulikuwa na wateja. Mara ya pili alikuwa peke yake, na alifurahi kuniona, kwa sababu alitaka kunipima shati la Mlezi Mkuu.

"Simama wima. Usiinamishe kichwa, bega litakuwa la uongo."

Akanizungushia futi ya kitambaa mabegani, pini zimejaa mdomoni, akisoma namba kwa kuisogeza futi mpaka karibu ya pua. Nilianza. Nilisema, "Fundi, ile siku ya kura." Yeye, kwa sababu ya pini, akaitika puani tu. Nikangojea azitoe. Alizitoa moja moja, kila moja mahali pake kwenye kitambaa, na alipomaliza ya mwisho akarudi nyuma kunitazama, akaonekana ameridhika sana. Nikasema kwamba siku ile palikuwa na joto. Akasema kweli, palikuwa na joto.

Sasa ni muhula wangu wa pili. Watoto kambini wanajihesabu wenyewe kwa sauti, kila mmoja na namba yake, na hakuna basi linaloondoka mpaka namba ya mwisho iitike. Hajaachwa mtoto. Nalitaja hilo si kwa kujisifu. Ni kitu ninachokishika ninapotafuta cha kushika.

Fundi anakuja kila Jumamosi. Tulimpa kiti kivulini na cheo tulichokibuni kwa ajili yake, na watoto wanamzunguka awashonee vifungo. Akiwashonea huwasimulia, na kisa anachokipenda kuliko vyote ni cha kura yetu. Namsikia nikiwa upande wa pili wa uwanja. Kila mwaka kinaongezeka urefu. Watoto wamekishika, kiasi kwamba siku hizi vikundi vikichagua viongozi wao, wagombea wanabadilishana kura bila kuambiwa na mtu. Walezi wa wilaya nyingine walikuja kutuuliza tumewalea vipi watoto wetu.

Mwezi uliopita kikundi kimoja cha watoto tisa kilikuwa kinachagua kiongozi, na wagombea walikuwa wasichana wawili, marafiki. Kabla ya kura mmoja wao alinifuata bombani. Ana miaka kumi na mitatu, na alikuwa anasokota ncha ya mtandio wake kidoleni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Una nini?"

"Tumepatana nimpe kura yangu anipe yake. Lakini nikiwaza kuandika jina lake, mkono wakataa." Akanitazama. "Dada, wewe uliwezaje?"

Maji yalikuwa yanamwagika, nikayafunga. Nilimwona vizuri mtoto yule. Alikuwa anaogopa kweli, na alikuwa amekuja kwa mtu aliyedhani anajua.

"Usiitazame karatasi," nikamwambia. "Andika haraka, kunja, tia kwenye boksi."

"Wewe ndivyo ulivyofanya?"

"Ndivyo."

Akavuta pumzi, akaenda. Nilisimamia kura ile mimi mwenyewe. Nilimwona akiandika huku amegeuza uso kuelekea dirishani. Mwenzake aliandika baada yake, ameinama, mkono wa kushoto umeziba karatasi. Kura zikahesabiwa, tano kwa nne. Mwenzake ndiye aliyeshinda. Nilimtazama mshindi, nikamkuta anaifunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imeshafungwa. Nikaacha kumtazama.

Yule aliyeshindwa alikuja kwangu, macho yamelowa kidogo, lakini kichwa kiko juu.

"Dada, ahsante," akasema. "Nimeandika bila kutazama, kama wewe."

Nikamwambia amefanya vizuri. Kisha nikachukua kamba nyeupe ya uongozi, nikaenda kumvalisha mwenzake begani, na wakati wote ninaifunga, mimi na mshindi hatukutazamana.